Mshahara wa Kwanza: Ngumi na Mpira katika Nchi ya Shaba

Mabingwa wa ngumi waliozaliwa Kongo wapo. Aliyekosekana ni bingwa aliyefundishwa ngumi nyumbani, akalipwa nyumbani na akazeeka akiishi kwa jasho la ulingo wa nyumbani. Sumbu Kalambay alizaliwa Lubumbashi mwaka 1956, lakini taji la dunia alilishika akiwa bondia wa Italia. Ilunga Makabu wa Kananga alijijengea jina Afrika Kusini. Mdogo wake, Martin Bakole, anafanyia mazoezi Scotland. Lubumbashi hiyohiyo iliyomzaa Kalambay imepeleka timu ya mpira hadi fainali ya dunia ya vilabu, na wachezaji wake walikuwa wakichukua mshahara palepale mjini.

Ukiuliza sababu, kuanzia Lubumbashi hadi Kolwezi na kushuka na reli mpaka Mutshatsha, utajibiwa kwa maneno machache: mpira unalipa, ngumi hazilipi. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ila limeishia nusu ya njia. Duniani kote, bondia wa juu kabisa hulipwa kwa usiku mmoja fedha ambazo wachezaji wengi wa mpira hawatazipata maisha yao yote. Kwa Katanga swali la maana ni jingine: nani anayemlipa kijana senti ya kwanza, wapi, na kijana akiwa na umri gani?

Reli, kambi na mapadri, 1906–1939

Mwaka 1906 zilianzishwa kampuni mbili zilizoamua sura ya nchi hii: Union Minière du Haut-Katanga kwa ajili ya madini, na BCK kwa ajili ya reli. Tabu yao kubwa ya mwanzo ilikuwa watu. Wafanyakazi waliletwa kwa mikataba mifupi, wengi wakaugua, wengi wakatoroka. Kuanzia mwaka 1928 Union Minière ilibadili mwendo: mfanyakazi aje na mke na watoto, akae kambini miaka mingi. Kampuni ikatoa nyumba, posho, hospitali na shule. Baada ya hapo ikataka kujua mfanyakazi huyo anafanya nini king'ora cha jioni kikishalia.

Mpira uliingia kwa mlango huo. Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, padri Mbenedikto Grégoire Coussement alipanga ligi ya mpira katikati ya miaka ya 1920. Kwa mapadri na kwa kampuni, mpira ulikuwa na faida nyingi kwa gharama ndogo. Mpira mmoja wa ngozi uliwashughulisha watu ishirini na wawili uwanjani na mamia pembeni, na ulifundisha kutii filimbi.

Ngumi hazikupata mlezi wa namna hiyo. Watawala wa kikoloni, Waingereza kwa Wafaransa, waliuogopa ulingo ambao mtu mweusi angeweza kumwangusha mzungu mbele ya umati. Mwaka 1922 Msenegali Battling Siki alimshinda Georges Carpentier mjini Paris, na kabla ya mwaka kwisha serikali ya Uingereza ikazuia pambano lake lililopangwa kufanyika London. Wakubwa wa kambi za shaba hawakuwa na sababu ya kumlea Siki wao.

Mwaka 1931 reli ya magharibi ilikamilika kutoka Tenke, ikipita Kolwezi na Mutshatsha hadi Dilolo, ikaungana na reli ya Benguela iendayo bahari ya Atlantiki. Mutshatsha ikawa kituo zaidi ya kilomita mia moja magharibi ya Kolwezi: mji wa treni, wa watu wa reli na wafanyabiashara wanaosubiri behewa. Kolwezi yenyewe ilipangwa kama mji mwaka 1937. Miaka miwili baadaye, 1939, zilizaliwa Lubumbashi timu mbili ambazo hadi leo zinagawa nyumba za Katanga katikati. Wabenedikto walianzisha Saint-Georges, iliyokuja kuitwa Englebert kwa jina la kiwanda cha matairi na baadaye Mazembe. Watu wa reli walikuwa na Saint-Éloi, ndiyo Lupopo ya leo. Ukitazama asili ya timu hizo unaona kanisa, kiwanda na reli, na nyuma ya kila mmoja wao palikuwa na mtu mwenye daftari la mishahara.

Kazi iliyokuja na mpira, 1945–1968

Kwa miaka hiyo tusifikirie malipo ya mpira kama tunavyoyajua leo. Mchezaji mzuri hakupewa mkataba wa mamilioni. Aliandikwa kazi, na kazi ilikuwa na nyumba, posho na tiba ya watoto. Akiumia goti alibaki karani au fundi. Kwa familia ya kambini hiyo ilikuwa hesabu rahisi sana, na mama hakuwa na sababu ya kumzuia mwanawe.

Kama ngazi, mpira ulikuwa na vidato vya chini. Kijana asiye na jina alianza timu ya mtaa, akaonekana, akachukuliwa na timu ya kazi, na kabla hajafika popote alikuwa tayari anakula kwa mguu wake. Englebert ilipotwaa Kombe la Vilabu Bingwa vya Afrika mwaka 1967 na tena 1968, watoto wa kambi zote za shaba waliona ngazi hiyo inafika mbali kuliko walivyodhani. Mwaka uleule wa 1967 serikali ya Mobutu iliitaifisha Union Minière, iliyokuja kuwa Gécamines, na desturi ya mwajiri kuishika timu mkono iliendelea chini ya bendera mpya.

Mobutu aliongeza jambo moja. Kizazi cha kina Léon Mokuna na Paul Bonga Bonga kilikuwa kimekwenda kucheza Ulaya katika miaka ya 1950, lakini yeye aliwafungia wachezaji mlango wa kwenda kulipwa ng'ambo, ili timu ya taifa iwe na nguvu. Kwa hiyo mwanampira wa Zaire, kama Kongo ilivyokuja kuitwa, alibaki nyumbani, na malipo yake yalitegemea mwajiri na hisani ya Rais.

Mwaka 1974: fedha zilikuja, zikaondoka

Kama mtu anataka kupima kauli ya kwamba fedha peke yake ndiyo humvuta mwanamichezo, hakuna kipimo kizuri kuliko Zaire ya mwaka 1974.

Mwezi Machi, timu ya taifa, Leopards, walitwaa Kombe la Afrika nchini Misri, Ndaye Mulamba akifunga mabao tisa. Mobutu akawapa wachezaji nyumba na magari. Mwezi Juni walikwenda Ujerumani Magharibi, nchi ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kucheza Kombe la Dunia. Baada ya kufungwa 2–0 na Scotland, wachezaji waligundua kwamba posho walizoahidiwa hazipo. Wakataka kugoma. Tarehe 18 Juni, mjini Gelsenkirchen, waliingia uwanjani mioyo ikiwa imekwisha kuvunjika. Kipa Kazadi Mwamba wa Mazembe alitolewa dakika ya 21, mabao matatu yakiwa yameshaingia, na mwisho wa mchezo Yugoslavia ilikuwa na mabao tisa. Mwepu Ilunga, beki wa Mazembe, alisimulia miaka mingi baadaye kwamba walionywa wasifungwe na Brazil zaidi ya mabao matatu, la sivyo wasirudi nyumbani. Walifungwa matatu.

Miezi minne baadaye dunia nzima ilikuwa Kinshasa. Muhammad Ali na George Foreman waliahidiwa dola milioni 5 kila mmoja, fedha ambazo hakuna bondia aliyekuwa amewahi kuzipata kwa pambano moja, na mdhamini alikuwa serikali ya Mobutu. Pambano lilipangwa Septemba, likasogezwa kwa sababu Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini. Alfajiri ya tarehe 30 Oktoba, saa ambayo ingewafaa watazamaji wa Marekani, uwanja wa 20 Mai ulikuwa umejaa. Ali aliegemea kamba raundi baada ya raundi, akamwacha Foreman apige mpaka mikono ikawa mizito, na katika raundi ya nane akamwangusha.

Sasa fanya hesabu. Ndani ya mwaka mmoja, vijana wa Zaire waliwaona wanampira wao wakinyimwa posho mbele ya dunia, na mabondia wawili wakivuna dola milioni 10 ndani ya ardhi yao. Kama fedha za kileleni zingekuwa sumaku, Zaire ingekuwa nchi ya mabondia kabla ya Krismasi. Haikuwa hivyo. Ali na Foreman walipanda ndege na fedha zao zikapanda nao. Hakuna shule ya ngumi iliyoachwa Kolwezi, hakuna kocha aliyeandikwa kazi Likasi, wala glovu zilizogawiwa Mutshatsha. Mpira, pamoja na aibu ya Gelsenkirchen, Jumatatu iliyofuata ulikuwa bado uko pale kambini, na mwajiri yuleyule, na uwanja uleule. Kwangu mimi, mwaka huo unatosha kuonyesha kwamba kijana hafuati fedha asizoweza kuzifikia kwa hatua.

Vita vinapita Mutshatsha, 1977–1978

Mnamo Machi 1977 waasi wa FNLC waliingia kutoka Angola, wakiwa na mabaki ya jandarmeri wa zamani wa Katanga, wakafuata reli: Dilolo, Kasaji, kisha Mutshatsha mwishoni mwa mwezi huo. Mji ulikaa mikononi mwao hadi tarehe 25 Aprili, jeshi la Zaire likisaidiwa na askari wa Moroko lilipourudisha. Mwaka uliofuata, tarehe 13 Mei 1978, walifika Kolwezi yenyewe, na siku sita baadaye askari wa miavuli wa Ufaransa wakarushwa mjini.

Reli ya kwenda Lobito ilikuwa imeshanyamaza tangu vita vya Angola vya mwaka 1975. Sasa mafundi wengi wa kigeni walikimbia na mtaji ukaogopa. Miji ya stesheni kama Mutshatsha, iliyoishi kwa treni, ilibaki na majengo ya reli bila mizigo. Michezo inayotegemea mwajiri huanza kukauka pale mwajiri anapokauka, na dalili za kwanza zilianzia huku magharibi kabla ya kufika Lubumbashi.

Kalambay anaondoka, 1980–1989

Katika hali hiyo, mwana wa Lubumbashi aliyejua ngumi alikuwa na njia moja tu. Sumbu Kalambay alikwenda Italia, akaanza ngumi za kulipwa mwaka 1980, akaongeza jina Patrizio na kuwa raia wa huko. Haikuwa safari ya haraka. Ilimchukua miaka saba ya mapambano kufika Wembley, mwezi Mei 1987, alikompokonya Mwingereza Herol Graham taji la Ulaya la uzani wa kati. Oktoba ya mwaka huo, mjini Livorno, alimshinda Iran Barkley kwa pointi na kuchukua taji la dunia la WBA.

Machi 1988, mjini Pesaro, alikutana na Mike McCallum wa Jamaika, mtu ambaye hakuwa amepoteza pambano hata moja. Walioiona kazi ile hukumbuka mkono wa kushoto wa Kalambay: ulikuwa ukitoka mfupi, mkavu, unagusa na kurudi kabla McCallum hajapanga mguu, na kila McCallum aliposogea karibu kupiga mwili, yule mtu wa Lubumbashi alikuwa ameshageuka nusu hatua. Alishinda kwa pointi. Kwa ufundi, sidhani kama Kongo imewahi kuzaa bondia wa kumzidi.

Hata huko juu fedha zilikuwa na neno lake. Kalambay alichagua kupigana na Michael Nunn, bingwa wa IBF, badala ya mpinzani aliyewekewa na WBA, na WBA ikamvua taji. Tarehe 25 Machi 1989, Las Vegas, ngumi moja ya kushoto ya Nunn ilimlaza katika sekunde ya 88 ya raundi ya kwanza. Kalambay aliinuka tena baadaye, akamshinda Steve Collins mwaka 1992, akawania taji la WBO mwaka 1993 na kushindwa na Chris Pyatt, kisha akastaafu na kufundisha. Amefundisha Italia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko sekunde zile 88, maana ufundi ulioanzia Katanga ulirithishwa kwa vijana wa nchi nyingine, ambako palikuwa na ukumbi na mtu wa kumlipa mwalimu.

Majirani walifanya nini

Miaka hiyohiyo Afrika Mashariki ilikuwa imepata jibu lake. Nchini Kenya, polisi, magereza na jeshi waliwaandika mabondia kazi kama walivyowaandika wakimbiaji na wanampira. Philip Waruinge alileta medali ya shaba ya Olimpiki mwaka 1968 na fedha mwaka 1972, na Robert Wangila akatwaa dhahabu ya Seoul mwaka 1988. Uganda ilipata medali kwa mikono ya Eridadi Mukwanga na Leo Rwabwogo mwaka 1968, kisha John Mugabi mwaka 1980. Bondia wa Nairobi aliamka akiwa askari mwenye mshahara, akaingia ulingoni jioni. Hakulazimika kuchagua kati ya ngumi na unga wa watoto.

Huko mpira nao ulilipa, lakini haukuwanyang'anya ngumi watu wao, kwa sababu vidato vya chini vililingana. Taasisi zilipopunguza mkono, ngumi za nchi zote mbili zilirudi nyuma. Wangila mwenyewe alikufa mwaka 1994 baada ya pambano Las Vegas, akitafuta ng'ambo kile ambacho dhahabu haikumpa nyumbani.

Gécamines inaanguka, Kunguru wanapaa, 1990–2010

Mwaka 1986 Gécamines ilitoa takribani tani 476,000 za shaba. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto, Kolwezi, iliporomoka. Mwaka uliofuata uporaji ukapita katika miji. Katikati ya muongo uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000. Mishahara ilikatika kwa miezi, kisha kwa miaka. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa katika mpango ulioitwa wa hiari.

Vijana wa Kolwezi wakaingia mashimoni kwa sululu. Mpinzani mkubwa wa ngumi, na wa mpira pia, akawa kuchimba, kwa kuwa anayechimba kobalti hulipwa jioni ileile, bila kocha na bila kusubiri Jumapili. Mwaka 2014 madini yalipogunduliwa chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, watu walichimba vyumbani mwao. Kijana wa miaka 17 mwenye mabega mapana na pumzi ndefu, yule ambaye kocha wa ngumi humtafuta, ndiye ambaye shimo nalo linamtaka.

Mpira uliokolewa na fedha zilezile za madini, kwa njia nyingine. Moïse Katumbi, aliyetajirika kwa kazi za migodi, alishika uongozi wa Mazembe mwaka 1997. Timu hiyo, iitwayo Kunguru, ilitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2009 na 2010, na Desemba 2010 Abu Dhabi ikazitoa Pachuca ya Mexico na Internacional ya Brazil kabla ya kufungwa 3–0 na Inter ya Milan. Nafasi ya pili ilikuwa na zawadi ya dola milioni 4. Mputu Mabi alikaa Lubumbashi miaka mingi bila haja ya kukimbilia Ulaya. Mwaka 2011 Mbwana Samatta alitoka Simba ya Dar es Salaam kuja kulipwa Katanga, na Wazambia kama Rainford Kalaba walivuka mpaka kwa sababu hiyohiyo. Sasa watu walihamia huku kufuata malipo ya mchezo.

Haki isemwe, hiyo ni Mazembe. Katika Linafoot, ligi kuu ya Kongo, vilabu vingi huchelewesha mishahara, na wachezaji wengi huishi kwa ahadi. Hata hivyo ahadi ya mpira ina uwanja kila mtaa. Ahadi ya ngumi haina pa kukaa.

Mwili mkubwa unakwenda wapi

Marekani wamelijadili jambo hili muda mrefu: wanaume wakubwa ambao zamani wangekuwa Joe Louis au Joe Frazier sasa huchukuliwa tangu shuleni na mpira wa kikapu na wa Kimarekani. Katanga ina mfano wake. Bismack Biyombo alizaliwa Lubumbashi mwaka 1992, mrefu wa zaidi ya mita mbili, mikono mirefu ajabu. Akiwa kijana alipita Yemen, akafika Uhispania, akachaguliwa wa saba NBA mwaka 2011, na mwaka 2016 akasaini Orlando mkataba wa dola milioni 72 kwa miaka minne. Kwa mwili ule angeweza kuwa bondia wa uzani wa juu. Lakini nani angemwona? Kikapu kilikuwa na kambi, maskauti na tiketi ya ndege.

Tazama upande wa pili. Makabu alishinda taji la WBC la uzani wa cruiser mjini Kinshasa Januari 2020, miaka 45 baada ya Ali. Februari 2023 alilipoteza kwa Badou Jack huko Diriyah, Saudi Arabia, katika usiku ambao pambano kuu lilikuwa la Jake Paul, kijana aliyejulikana kwa video za mtandaoni, na Tommy Fury. Bingwa wa dunia wa Kongo alikuwa pambano la utangulizi. Bakole alimpiga Jared Anderson Los Angeles mwezi Agosti 2024, na Februari 2025 akaitwa Riyadh kwa taarifa ya siku mbili kupigana na Joseph Parker, akaangushwa raundi ya pili. Alikubali kwa sababu bondia asiye na taasisi nyuma yake hukubali fursa inapokuja, tayari au hayuko tayari.

Fedha za Riyadh ni kubwa. Francis Ngannou wa Kamerun, aliyechimba mchanga utotoni, aliacha mapambano ya UFC na kuingia ngumi dhidi ya Tyson Fury mwaka 2023 kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na malipo makubwa zaidi. Kwa mtu aliyekwisha kufika juu, ngumi huwavuta watu kutoka michezo mingine. Huku chini ndiko zinakowapoteza.

Mutshatsha leo

Mkoa wa Lualaba ulizaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa, Kolwezi ikawa makao makuu. Katika eneo la Mutshatsha, upande wa Kolwezi, upo mgodi wa Kamoa-Kakula, ulioanza uzalishaji Mei 2021. Mwaka 2024 ulitoa zaidi ya tani 430,000 za shaba, karibu sawa na Gécamines nzima katika mwaka wake bora. Shaba imerudi kwa kishindo ambacho wazee wa Union Minière hawakukiona.

Klabu ya ngumi ya mtaani katika miji hii inahitaji vitu unavyoweza kuvihesabu kwa vidole. Gunia lililoshonwa upya mara nyingi, limejazwa matambara na mchanga, linaning'inia kwenye tawi la mwembe. Jozi moja ya glovu hutumika kwa zamu: anayemaliza raundi huzivua kwa meno zikiwa zimelowa jasho, anayefuata anazivaa zikiwa bado moto. Bandeji hufuliwa na kuanikwa. Kocha hufundisha baada ya kazi nyingine, na siku kazi hiyo ikimhamisha, klabu imekufa.

Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kila kampuni ya uchimbaji itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi. Kwa kila dola milioni 100 za shaba, hizo ni dola 300,000. Shule, visima na zahanati vije kwanza, hakuna anayebisha. Lakini ndani ya mpango huo wenyeji wana haki ya kudai pia mshahara wa mwezi kwa kocha wa ngumi wa Mutshatsha na mwingine wa Kolwezi, ukumbi wenye paa, na nafasi chache za kazi kwa vijana wanaopigania mkoa wao, kama reli ilivyofanya kwa Lupopo. Hayo si mengi, na ndiyo ambayo Kalambay hakuyapata Lubumbashi.